Pingamizi la Mtani

Katika miaka ile ambapo kila kilichokuwa cha wote kilianza kutafutiwa mwenyewe, wanunuzi binafsi wa pamba waliingia Usukumani na magari yao, kila mmoja na mizani yake, na viwanda vya minofu ya sangara vikajipanga kando ya ziwa hata harufu yake ikawa ndiyo inayomwambia msafiri kwamba amekaribia Mwanza. Mashirika ya hisani nayo hayakubaki nyuma. Yapo yaliyoleta visima, yapo yaliyoleta mbuzi wa maziwa, na yapo yaliyoleta semina peke yake. Lakini moja, lililojiita Kila Kaya na Shamba Lake, lilikuja na neno ambalo wanakijiji waliomba lirudiwe kabla ya kulisadiki: kwamba kaya isiyo na ardhi itapewa ardhi, na hati itaandikwa jina la yule anayelima, akiwa mwanamume au akiwa mwanamke.

Shirika hilo lilikuwa na chumba kimoja cha ghorofani pale Nyamagana, juu ya duka la vitenge, na lilikuwa na afisa mmoja, Bwana Revocatus. Huyu alipata kusomea upadri, hata alipotambua kwamba moyo wake unaipenda ibada na unampenda na Bernadeta, akaondoka seminari kwa adabu na kumwoa. Alitoka huko na mambo mawili ambayo hayakumwacha tena. La kwanza ni kung'arisha viatu, hata siku ya kwenda kutembea matopeni. La pili ni desturi ya kulitangaza kila jambo mbele za watu na kuuliza kama yupo mwenye pingamizi, kama inavyofanywa makanisani kabla ya ndoa.

Ardhi yenyewe ilikuwa shamba la zamani la ushirika, juu kidogo ya Kigongo, mahali ambapo mtu akisimama huona kivuko kikienda Busisi na kurudi. Ushirika ulipochoka, shamba lilirithiwa na mbigili. Serikali ya kijiji ikapatana na shirika kwamba likatwe vipande, kila kipande kizungushiwe minyaa, na kila kaya iliyokuwa ikilima kwa kuazima ipewe mwaka mmoja wa kulima na kuonekana ikilima. Katikati ya mwaka kaya itapata mabati na mlango, ili nyumba iitwe nyumba. Mwishoni itapata hati.

Miongoni mwa waliochaguliwa alikuwa Ng'washi, mjane wa Ndalahwa. Mumewe alipofariki, shamba walilokuwa wakilima lilirudi mikononi mwa kaka wa marehemu, Mashimba, kwa kuwa ndivyo ukoo ulivyozoea, na Ng'washi akaachiwa ukanda mwembamba pembeni akae na binti yake, Selina. Mashimba hakuwa mtu mbaya. Alimletea shemejiye maziwa, na mahindi yalipoiva alimkumbuka. Ila aliingia uani kwake bila kupiga hodi, akachukua kigoda au kuku kama mtu anavyotoa kitu katika mfuko wake mwenyewe, na akiulizwa, alishangaa kwa dhati. Ng'washi hakuwa na ndoto kubwa ya utajiri. Alitaka mahali ambapo mtu akifika, hata awe nani, asimame nje kwanza.

Sasa amjue msomaji na fundi Muharami, kwa kuwa mambo yote yaliharibika na kutengenea kwa ulimi wake. Muharami alikuwa seremala wa Kirumba, karibu na soko la samaki la Mwaloni, na shirika lilimpa kazi ya kutengeneza milango ya nyumba zote za mradi. Babake alikuwa Mzaramo aliyepanda bara na mafundi wa reli na kusahau kushuka. Mwanawe alizaliwa Mwanza, akaoa Mwanza, na minazi aliijua kwa kuiona katika kalenda. Hata hivyo damu ni damu: Mzaramo ni mtani wa Msukuma, na mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu hana. Anaweza kumtukana mtani wake mbele ya wakwe zake na akashukuriwa. Akifika msibani, anaweza kulala kando ya kaburi na kukataa kuinuka mpaka apewe kuku, na wafiwa wakacheka machozi yangali machoni. Anayekasirika ndiye anayeaibika. Na hivyo ndivyo alivyofanya Muharami siku alipozikwa Ndalahwa, aliyekuwa rafiki yake sana: alilichukua jembe la marehemu mbele ya ukoo mzima, akatangaza kwamba tangu leo ni mali ya Uzaramoni, akaondoka nalo hadi karakana yake, akalitundika ukutani, na mara nyingi alipoliangalia aliiacha randa kidogo.

Mkutano wa kufungua mwaka ulifanyika katika ghala tupu la ushirika. Mzee Chenge, mwenyekiti wa kijiji, aliketi mbele na kofia yake magotini. Bwana Revocatus alisoma kipande kimoja kimoja, jina na mipaka, na kila alipomaliza aliuliza swali lake, na kila alipouliza palikuwa kimya, naye akasema, "Kimefungwa." Maana yake ni kwamba kipande hicho hakitajadiliwa tena na mtu yeyote hata siku ya hati.

"Kipande cha chini, penye mkuyu ulioanguka, anapewa Ng'washi, mjane wa Ndalahwa," akasoma. "Mwenye pingamizi na aseme sasa."

Kimya kile kilikuwa kitamu mno kwa mtu kama Muharami, aliyekuja siku hiyo kupima milango tu.

"Ninalo mimi," akasema kutoka nyuma.

"Sema, Fundi."

"Shamba hilo ni langu. Wasukuma wote mnaowaona humu walikuwa wapagazi wa babu yangu, na mpagazi akifa, chake hurudi kwa mwenye mzigo. Isitoshe, jembe la marehemu nililichukua mimi msibani, na ukoo mzima ukiangalia. Aliyechukua jembe amechukua shamba. Huyu mama nitamwachia akae, kwa huruma zangu, awe ananipikia ugali."

Ghala likacheka hata popo wa darini wakahama. Ng'washi mwenyewe alicheka akasema, "Babu yako alibebwa pamoja na mizigo, Mzaramo, kwa kuwa miguu yake ilikuwa kama yako."

Kicheko kilipotulia, watu waliona kwamba Bwana Revocatus angali anaandika.

"Unaandika nini, Bwana Afisa?" akauliza Muharami.

"Pingamizi lako."

"Ule ulikuwa utani."

"Yawezekana. Mwaka jana, ng'ambo ya Busisi, mtu alinena kwa kicheko kama hicho, nami nikacheka naye na kuendelea. Kumbe alikuwa na dai la kweli. Mapaa mawili yaliteketea. Tangu wakati huo sikipimi kicheko cha mtu, naandika."

"Basi futa."

"Lililosemwa hadharani hufutwa hadharani, katika mkutano wa kufunga mwaka. Hiyo ndiyo kanuni. Mpaka hapo kipande hiki hakipati mabati wala mlango, na siku hiyo kitajadiliwa upya, mtu yeyote aseme."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyouondoa ucheko usoni kwa Ng'washi. Kwa maana Mashimba hakuwapo. Alikuwa amekwenda Misungwi mnadani kuuza fahali, na Ng'washi alikuwa amemshukuru Mungu kimoyomoyo kwa ajili ya fahali yule. Kipande chake kingefungwa leo, shemeji angerudi na kukuta kimefungwa. Sasa kilikuwa wazi mwaka mzima, na aliyekifungua ni rafiki.

Mashimba aliporudi hakukawia. Aliingia uani, akavuta kigoda, akaketi.

"Shemeji, nasikia Mzaramo amekufungulia shamba."

"Shikamoo, shemeji," akasema Ng'washi, kwa kuwa alikuwa mdogo kwake na adabu ilikuwa kinga yake pekee.

"Marahaba. Mimi namshukuru sana yule fundi. Mwaka ukiisha, nami nitasema langu. Si kwa ubaya. Lakini ardhi ya mke wa ndugu yangu ikiandikwa jina la mwanamke, kesho ukiolewa Sengerema, si itapanda kivuko na wewe?"

"Ardhi haipandi kivuko, shemeji."

"Hati hupanda," akasema Mashimba, na kwa kuwa uji ulikuwa tayari, akajimiminia.

Habari hizo zilifika Kirumba kabla ya wiki kwisha. Fadhila, mkewe Muharami, alikuwa akiwafundisha wasichana wa mtaa kusoma Kurani kila alasiri, na alikuwa na desturi ya kumrekebisha mumewe kwa sauti ileile aliyowarekebishia herufi.

"Mikono yako imetengeneza nusu ya milango ya Kirumba," akamwambia. "Ulimi wako haujatengeneza hata kigoda. Nenda kwa yule mjane."

"Nikamwambie nini?"

"Mwambie samahani. Ni neno fupi, halitakuchosha."

Muharami akaenda. Alimkuta Ng'washi kwenye kipande chake, amekwisha kung'oa mbigili na kuanza kupiga matuta ya viazi, marefu, yamenyooka toka mkuyu hadi minyaa.

"Mama Selina, nimekuja kuomba radhi."

"Omba huku unalima," akasema Ng'washi, akamsukumia jembe la Selina. "Shika tuta la pili."

Fundi akalima. Alisema kwamba yeye ni mtu wa maneno mengi, na akalima. Kwamba hakukusudia, na akalima. Kwamba siku ya mkutano wa mwisho atasimama wa kwanza kulifuta pingamizi lake. Ng'washi aliacha kazi, akakitazama alichokifanya mgeni wake.

"Hili ni tuta au kaburi la panya?"

"Nalima kwa mara ya kwanza."

"Ukilifuta lako," akasema Ng'washi, akiuegemea mpini, "mkutano utauliza nani mwingine ana neno, na Mashimba atasimama. Mzee Chenge ni binamu yake. Unadhani nitashinda?"

Muharami akaliweka jembe chini.

"Shemeji yangu anaweza kuvumilia mengi. Ng'ombe wake wakifa huvumilia. Bei ya pamba ikianguka huvumilia. Lakini sijamwona akivumilia kushindwa na Mzaramo, hata kwenye bao. Kwa hiyo usilifute. Dai shamba hili. Lidai kwelikweli, mpaka ainuke yeye mwenyewe kukupinga. Na atakupinga kwa kusema nini? Atasema si lako. Nao watamuuliza, la nani?"

Muharami akamwangalia kama fundi anavyoangalia kiungo cha mbao kilichokaa bila msumari.

"Na asipoinuka?"

"Asipoinuka, nimelipoteza. Sasa nyoosha hilo tuta."

Fadhila aliposimuliwa alifikiri muda, kwa kuwa mambo ya kusema uongo hayakuwa madogo kwake. "Utani watu wote wanajua ni utani, haumdanganyi mtu," akasema mwishowe. "Lakini Bwana Revocatus ataleta kiapo. Ukifika kwenye msahafu, umefika mwisho. Utafunga mdomo, liwalo na liwe."

"Hata mjane akikosa shamba?"

"Hata hivyo. Kwa hiyo shughulika mapema."

Mwaka ukaenda. Mvua za vuli zilikuja kwa kusitasita, kisha zikakumbuka kazi yao. Kaya nyingine zilipata mabati, na Muharami alikwenda huku na huku akipachika milango: mmoja kwa Teodora, mwingine kwa mzee Ngosha ambaye aliufungua na kuufunga mchana kutwa, akicheka peke yake. Ng'washi alikaa chini ya nyasi na karatasi ya nailoni. Mlango wake ulikuwa umekwisha kutengenezwa, wa mninga, mzuri kuliko yote, nao uliegemea ukuta karakanani chini ya jembe la Ndalahwa.

Mashimba naye aliufurahia mwaka huo kupita kiasi. Kila alipomkuta fundi akishuka Kigongo, penye kivuko, alimwamkia kwa sauti iliyowafikia abiria wote.

"Mwenye shamba, mvua hiyo inanyesha, mbona umeshika randa?"

"Nina mpagazi anayenilimia."

"Huyo mpagazi akilima kama Wazaramo, mtavuna ngoma."

"Tutavuna ngoma, nanyi mtakuja kucheza, maana kwenu hakuna anayejua."

Abiria walifurahi, na Mashimba alipanda kivukoni kifua kimejaa. Hapo Muharami alibaki ameshika mkoba wake wa vifaa, akijiuliza kama mtu anayefurahia kiasi hicho ataweza kweli kuudhika.

Pamba ilipokwisha kuuzwa, mkutano wa kufunga mwaka uliitishwa katika ghala lilelile. Vipande vilivyofungwa vilipita haraka. Ngosha alipoitwa kupokea hati aliiweka kichwani chini ya kofia, akaikalisha vizuri, akarudi mahali pake akitembea kama aliyebeba maji. Kikabaki kipande cha penye mkuyu. Mashimba alikuwa amevaa koti, naye aliketi mstari wa mbele na uso wa mtu anayengojea chakula alichokwisha kukinusa.

Bwana Revocatus alieleza utaratibu. Kwanza mdai atasema. Kisha atasikilizwa anayempinga mdai. Kisha mdai ataapa. Mwisho, mwenye dai jingine naye atapewa nafasi.

Muharami alisimama na jembe la Ndalahwa mkononi. Hakuacha kitu. Alitaja upagazi wa mababu, akataja vituo vya safari moja baada ya kingine kama mtu aliyekuwapo. Alionyesha jembe na kuuliza kama yupo anayekana kwamba lilichukuliwa msibani, na hakuwapo. Alisema kwamba shamba likiwa lake ataving'oa viazi na kupanda minazi, na kila Ijumaa Wasukuma wataruhusiwa kuja kuiangalia. Watu walicheka hata mzee Chenge akajifuta macho kwa kofia.

Mashimba alicheka pia. Alicheka vizuri kuliko wote, na hakuinuka.

"Yupo wa kumpinga mdai?" akauliza Bwana Revocatus.

Ng'washi aliitazama mikono yake. Mashimba alikunja mguu juu ya mguu.

"Bi Ng'washi, wewe?"

"Mimi nilipewa kipande hiki mwaka jana mbele ya watu, nikakilima," akasema Ng'washi. "La kuongeza sina."

"Kama hakuna mwingine, mdai ataapa."

Akakunjua kitambaa cheupe alichokuwa nacho mezani, na ndani yake mlikuwa na msahafu, aliouazima kwa heshima kwa imamu wa Kigongo. Muharami alifikiria mlango wa mninga. Aliona, kwa jicho la moyo, Fadhila akiinua kidole kama anavyowainulia wanafunzi. Hatua kati yake na meza zilikuwa chache, naye akazitembea polepole kuliko inavyopasa, na alipopita mbele ya Mashimba akasimama.

"Nawashukuru kwa kutonipinga," akasema, kwa upole ambao hakuwa nao mwanzo. "Kazi ile ilinichosha. Yale matuta mliyoyaona mkija, yaliyonyooka kama uzi, niliyapiga mimi mwenyewe, jioni nikitoka karakanani. Na kwa kuwa tumekuwa majirani, Mashimba, njoo siku moja nikufundishe. Yako nimeyaona. Yamekaa kama mkia wa ng'ombe."

Mguu wa Mashimba ukashuka chini.

Kuna mambo ambayo Msukuma huyasamehe kwa mtani, na mimi sijui orodha yake. Lakini matuta hayamo.

"Mzaramo," akasema Mashimba, akiinuka, "rudia. Nani kapiga yale matuta?"

"Mimi."

"Kwa jembe gani?"

"Hili."

"Lete." Mashimba alilipokea jembe, akaligeuza, akalipitishia kidole gumba. "Wazee, angalieni wenyewe. Hii ni kutu. Kutu tangu siku lilipotoka msibani. Na hapa kwenye mpini ni gundi ya mbao. Jembe linalolima huwa linang'aa hata kama mwenyewe hajaoga. Shemeji, nipe lako."

Ng'washi alikuwa amekuja na jembe lake, kama wanawake wengi waliopitia mashambani. Akalitoa. Lilikuwa limelika hata likabaki kama mwiko, na liling'aa. Mashimba aliyanyanyua yote mawili juu, moja mkono huu, moja mkono huu, watu wote wayaone.

"Lipi limepiga matuta?"

"La Ng'washi," wakajibu wengi.

"Bwana Mashimba," akasema Revocatus, kalamu tayari, "unampinga mdai?"

"Nampinga mpaka kesho. Huyu hawezi kupiga tuta. Tuta lake moja nililiona, nikadhani fuko amepita. Mimi nawapeleka ng'ombe majini alfajiri, namkuta shemeji yangu yumo shambani. Nawarudisha, bado yumo. Mvua yumo, jua yumo. Mwaka mzima."

"Alikuwa akilima kwa niaba ya nani?"

Mtu aliyekuwa karibu angeweza kuona neno jingine likimpanda Mashimba kooni, neno alilolivalia koti. Ng'washi aliliona. Muharami naye aliliona, na hakulipa nafasi.

"Sema tu, ndugu yangu," akamwambia kwa huruma, akimgusa bega. "Alikuwa akilima kwa niaba yangu."

"Kwa niaba yako wewe? Kwa niaba yake mwenyewe. Andika hivyo, Bwana Afisa. Amelima kwa mikono yake, shamba ni lake, na kila Msukuma aliyemo humu anajua ni lake. Aende akapande minazi ziwani."

Ghala likalipuka kwa vigelegele, na Mashimba, majembe yangali juu, akazipokea shangwe zile kama haki yake. Bwana Revocatus alingoja zitulie.

"Unathibitisha?"

"Nathibitisha."

"Mdai, uko tayari kuapa?"

"Siapi," akasema Muharami. "Nimeshindwa. Pingamizi langu naliondoa mbele ya wote." Akaketi kwa ghafla.

"Yupo mwenye dai jingine?" akauliza afisa. Akasubiri kidogo. "Bwana Mashimba, niliarifiwa kwamba ulikuwa na neno."

Mashimba aliteremsha jembe moja, kisha la pili. Aliwatazama watu waliokuwa bado wakimshangilia. Akamtazama fundi, ambaye alikuwa akichunguza dari. Akamtazama shemejiye, naye Ng'washi hakukwepa macho yake.

"Nilikuwa nalo," akasema hatimaye. "Nafikiri nimekwisha kulisema."

"Kimefungwa," akasema Bwana Revocatus, kisha akainama chini ya meza kupangusa viatu ambavyo havikuwa na vumbi, na alikaa huko kwa muda usio wa kawaida.

Mlango wa mninga ulisafirishwa hadi Kigongo wiki iliyofuata, na mabati yakapanda juu ya kuta za Ng'washi. Muharami alipachika bawaba, akapachika komeo kwa ndani, akaulizwa kama komeo hilo lina nguvu, akasema lina nguvu ya kumzuia simba. Ng'washi akasema hana shida na simba. Kisha, kwa kuwa mtani akishindwa hadharani ana haki ya kuku, fundi alidai kuku wake, akachinja mwenyewe kwa jina la Mola, na wakaketi ndani kula, yeye na Ng'washi na Selina, mlango umefungwa ili waone namna unavyofungika.

Jua lilikuwa bado juu waliposikia hatua uani. Kitu kiliusukuma mlango kwa mazoea, kama kilivyozoea kusukuma nyasi. Mlango haukutikisika. Kikasukuma tena.

"Ng'washi," ikasema sauti ya Mashimba.

Ng'washi aliendelea kumega ugali.

"Shemeji, ni mimi. Nimeleta maziwa."

Muharami alifungua mdomo. Ng'washi alimtazama, naye, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe Kirumba, akaufunga mdomo wake bila kusema kitu.

Nje, mtu alikohoa. Alihamisha kibuyu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Akaupapasa ubao wa mlango, na wakamsikia akinung'unika kwamba Mzaramo ameupinda. Halafu pakawa kimya kirefu, kimya cha mtu anayetafuta neno aliloliacha mbali.

"Hodi," akasema Mashimba.

Ng'washi alinawa mikono. Akaipangusa kwa khanga, kidole baada ya kidole, akainuka, akalitengeneza zulia la mlangoni ambalo halikuwa limeharibika.

"Hodi humu ndani," akasema tena Mashimba, safari hii kwa adabu zaidi.

"Karibu, shemeji," akajibu Ng'washi, akaliondoa komeo.